Bweni likaguliwe kwanza, matokeo yasomwe baadaye

Ndugu Mhariri,

Mtihani wa darasa la saba ukishapita tu mwezi Septemba, magazeti hujaa matangazo ya shule za bweni: nafasi za kidato cha kwanza zipo, picha ya maabara, picha ya basi jipya, na mstari ulioandikwa kwa herufi nene kwamba hapa hakuna daraja la nne wala sifuri. Tangazo ni haki ya mwenye shule. Shida ni mzazi anayelisoma akaamua humo humo, akalipa fomu, na bweni akaja kuliona mara ya kwanza siku ya kumpeleka mtoto, tranka likiwa tayari mlangoni. Naomba nafasi katika safu yako nieleze mambo ya kukaguliwa na namna ya kuyakagua.

Tuanze na hesabu ya saa. Vipindi vya darasani huchukua kama saa saba kwa siku, siku tano za juma. Muda mwingine wote, pamoja na Jumamosi na Jumapili nzima, mtoto wa miaka 13 au 14 yuko bwaloni, bombani, chooni, prepo (kipindi cha kujisomea usiku) na kitandani, mikononi mwa matroni, viranja na wenzake. Ufundishaji mzuri unapatikana hata shule ya kutwa. Anachokilipia mzazi wa bweni ni ule muda mwingine, na ndio usioulizwa na mtu.

Usiende kukagua siku ya mahafali wala siku ya wazazi. Siku hizo hupikwa pilau na vyoo huoshwa mara tatu. Nenda Jumamosi saa nne asubuhi, watoto wanapofua. Ukikuta ndoo zimepangwa foleni kwenye bomba lisilotoa kitu, umeshapata habari ya maji kabla hujamwuliza mtu. Shule ikikwambia mabweni hayaonyeshwi kwa wageni, hiyo ni sawa kwa mwanamume peke yake katika bweni la wasichana. Kwa mama anayetaka kuingia na matroni wakati wasichana wako nje, si sawa hata kidogo.

Ukiingia bwenini, tazama milango kabla ya vitanda. Juni 1994, sekondari ya Shauritanga, Rombo, moto uliua wasichana zaidi ya 40 usiku mmoja. Agosti 2009 ikawa Idodi, Iringa, wasichana 12. Kwa majirani zetu Kenya, shule ya Kyanguli, Machakos, ilipoteza wavulana 67 Machi 2001, na Hillside Endarasha, Nyeri, wavulana 21 Septemba 2024. Chanzo cha moto hutofautiana: mshumaa wa kusomea, pasi iliyosahaulika, hita ya koili ndani ya ndoo, waya uliounganishwa kwa siri ili kuchaji simu, wakati mwingine mtu kuwasha kwa makusudi. Kinachoua mara nyingi ni kilekile: mlango uliofungwa kwa nje, nondo madirishani, vitanda vilivyobanana, na magodoro ya sponji ambayo moshi wake humwangusha mtu kabla moto haujamfikia.

Kenya iliandika vipimo vyake mwaka 2008 katika mwongozo wa usalama shuleni, na hata mzazi wa Tanzania anaweza kwenda navyo mfukoni. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2 au zaidi. Njia ya katikati isipungue mita 2. Mlango uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na nondo. Bweni liwe na mlango kila upande, na wa dharura katikati. Kwetu nondo zipo karibu kila dirisha, na wazazi wengine huzifurahia kwa sababu ya wezi. Basi kama zipo, usikubali chini ya milango miwili inayotazamana. Kisha angalia kitasa. Ukiona komeo na kufuli vimekaa upande wa nje, uliza ufunguo unalala kwa nani usiku. Jibu likiwa "kwa mlinzi, getini", aga uondoke. Mlinzi wa mita 200 kutoka bwenini, saa nane usiku, hatafika kwa wakati.

Mtungi wa kuzimia moto nao si wa kuutazama tu kwamba upo ukutani. Mitungi mingi ina saa ndogo yenye mshale. Mshale ukae kwenye kijani. Mtungi una pia karatasi ya ukaguzi iliyofungwa shingoni; soma tarehe. Halafu mwulize mwanafunzi yeyote, si kiranja aliyepangwa akutembeze: mara ya mwisho mlifanya lini zoezi la kutoka bwenini usiku? Atakayecheka amekujibu.

Vitanda vya deka vina mambo mawili ya kushika kwa mkono. Tikisa deka la juu. Likiyumba, skrubu zimelegea, na anayelala juu ataanguka siku moja. Kisha inua pembe ya godoro uangalie mshono na maungio ya chuma: vidoa vidogo vyeusi kama wino ni kunguni. Kunguni si aibu, shule yoyote hupata, ila uliza wanapuliza lini na godoro la anayehama linapelekwa wapi. Na kitu kimoja ambacho mzazi hapaswi kukikubali kabisa ni watoto wawili godoro moja "kwa muda tu, mpaka jengo jipya liishe".

Matroni wangapi, na wanalala wapi? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote ya bwenini, na jibu lake lionekane kwa macho: chumba chenye kitanda kilichotandikwa, ndani ya bweni au kilichoungana nalo. Matroni anayekaa mtaani na kuingia saa kumi na mbili asubuhi ni mfanyakazi wa mchana. Uliza pia majina huitwa saa ngapi usiku na nani anahesabu. Panapohesabu kiranja peke yake, mtoto aliyetoroka au aliyezidiwa na homa atajulikana asubuhi. Pasipokuwa na mtu mzima usiku, ndipo kaka wa kidato cha nne anapogeuka sheria: njuka, yaani wanafunzi wapya, wanafulishwa nguo, wananyang'anywa sabuni na sukari, na mengine mabaya zaidi ya hayo. Mabweni yanayotenganisha kidato cha kwanza na cha pili na wakubwa wao hupunguza sana jambo hili. Kuchanganya "ili wakubwa wawalee wadogo" ni nadharia nzuri kwenye karatasi.

Omba ratiba ya siku nzima, kuanzia kengele ya kwanza hadi taa kuzimwa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Kuna shule ambazo prepo huisha saa tano usiku na kengele hulia saa kumi alfajiri, yaani usingizi usiofika saa tano ukitoa muda wa kuoga na kujipanga, na mkuu wa shule huisoma ratiba hiyo kwa fahari. Matokeo yake huonekana kipindi cha tatu: nusu ya darasa imelala macho wazi. Kichwa kuuma, hasira, kuugua kila mara, na hata wale wasichana wanaoanguka kwa makundi hadi mchungaji na shehe wakaitwa. Kabla ya kutafuta mapepo, ningeanza kuuliza wamelala saa ngapi.

Maji yana hesabu rahisi. Mwanafunzi wa bweni anahitaji angalau lita 20 kwa siku za kunywa, kupikiwa, kuoga na kufua, mbali na maji ya vyoo vya kuvuta. Watoto 300 ni lita 6,000. Tanki moja la lita 5,000 linaloonekana kubwa sana pale juu ya mnara haliwatoshi hata siku moja. Kwa hiyo usiulize kama maji yapo. Uliza matanki ni mangapi, ya lita ngapi, yanajazwa na nini, na umeme ukikatika siku tatu pampu inaendeshwaje. Vyoo kwa kiwango chetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wasichana 300 wanahitaji matundu 15, na ninamaanisha yanayotumika. Hesabu milango, ondoa iliyofungwa kwa waya. Kwa wasichana tazama kama kuna ndoo yenye mfuniko au kichomea taka cha pedi, na mahali pa kufulia pasipoonekana kutoka barabarani. Choo kilicho mbali na bweni bila taa njiani hakiendewi usiku. Mtoto atajizuia, na maambukizi ya njia ya mkojo hufuata.

Jikoni usiulize chakula ni nini, maana jibu ni moja nchi nzima: uji asubuhi, makande au ugali na maharage mchana, wali Jumapili. Uliza kilo. Mpishi anajua kwa kichwa. Kwa wanafunzi 400, maharage makavu gramu 100 kwa kila mmoja ni kilo 40 kwa mlo. Ukiambiwa wanapika kilo 15, hiyo ni supu yenye maharage yanayotafutwa kwa kijiko. Fika stoo: magunia yawe juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, wala si sakafuni. Mahindi yenye unyevu huota fangasi wanaotoa sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kupikwa. Mahindi yaliyobadilika rangi, yenye ukungu wa kijani au harufu ya uvundo, hayachaguliwi kwa mkono yakaliwa, hutupwa.

Upande wa afya, linganisha hali ya mtoto na hali ya hewa ya mahali. Makete, Njombe na Mufindi kuna shule nzuri, lakini baridi ya Juni na Julai huko si ya mchezo, na kwa mtoto mwenye selimundu (sikoseli) baridi huamsha maumivu makali ya mifupa. Mwenye pumu naye atateseka. Si lazima akatazwe kwenda, ila ujue hospitali yenye damu na oksijeni iko umbali gani na gari la shule linalala shuleni au kwa mwenye shule. Mtoto anayemeza dawa kila siku, ziwe za kifafa, selimundu au ARV (za kufubaza virusi vya UKIMWI), apangiwe mambo matatu kabla ya kuripoti: dawa zinakaa wapi, nani anamkabidhi na saa ngapi, na nani anajua. Kwa ARV anayejua awe mmoja, nesi au matroni, siyo ofisi nzima ya walimu. Na tarehe za kliniki zipangwe ziangukie likizo, kwa kuwa vituo vingi sasa hutoa dawa za miezi kadhaa kwa mgonjwa aliye imara. Mtoto anayeogopa kopo la vidonge lisisikike likigonga tranka ataacha kumeza. Vivyo hivyo, kijana wa miaka 13 ambaye bado anakojoa kitandani, na wapo wengi kuliko wazazi wanavyokiri, afichuliwe kwa matroni mapema, apewe deka la chini na mpira wa godoro. Akiachwa agunduliwe na wenzake, jina atakalopewa litamfuata hadi kidato cha nne.

Adhabu zina sheria. Kwa mwongozo wa mwaka 2002, viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Omba kukiona hicho kitabu. Kitabu cheupe kabisa katika shule ambayo kila mwalimu anatembea na fimbo kina maana yake. Uliza pia mtoto anapigaje simu nyumbani. Simu ya mkononi kupigwa marufuku ni kawaida na sina ugomvi nayo. Lakini kama anapiga Jumapili kwa simu ya matroni, huku matroni amekaa pembeni anasikiliza, hataweza kukwambia jambo lolote zito. Mfundishe namba 116, ya msaada kwa mtoto, haitozwi, na mkubaliane neno moja la kawaida atakalolitaja simuni maana yake ni "njoo".

Sasa matokeo. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini matokeo ya kila kituo bado yako wazi kwenye tovuti yake, na yana habari nyingi kuliko bango la barabarani. Fungua kurasa mbili za shule ileile: upimaji wa kidato cha pili wa mwaka 2022 na kidato cha nne cha 2024. Ni watoto walewale. Waliofanya kidato cha pili wakiwa 120 na kidato cha nne wakafanya 64, uliza 56 wamekwenda wapi. Wachache watakuwa wamekariri kihalali, maana asiyefaulu upimaji wa kidato cha pili hurudia, na wengine wamehama kwa sababu zao. Lakini pengo la nusu ya darasa ni mchujo: wastani wa shule umewekwa juu, asiyeufikia anaambiwa arudie au atafute shule nyingine, ingawa serikali imekataza jambo hilo. Anayebaki anapendezesha bango. Anayeondolewa anahamia shule ya kata Februari ya kidato cha tatu, ada ya miaka miwili ikiwa imeshaliwa. Tazama pia kituo chenye namba inayoanza na P badala ya S, cha watahiniwa wa kujitegemea. Hutokea wanafunzi dhaifu wakasajiliwa huko ili wasichafue jedwali.

Ukiwa kwenye ukurasa huohuo, teremka hadi majina ya masomo mbele ya kila namba ya mtahiniwa. Hesabu wangapi wamefanya Fizikia na Kemia. Shule inayojiita ya sayansi, na kati ya watahiniwa 80 waliofanya Fizikia ni 22, ni shule ya sanaa yenye maabara. Na daraja la kwanza si kitu kimoja: linaanzia pointi 7 na kuishia pointi 17. Saba ni A katika masomo saba bora. Kumi na saba inaweza kuwa B nne na C tatu. Mzazi mwenye mtoto anayetaka udaktari asihesabu idadi ya madaraja ya kwanza, atazame herufi zilizoko mbele ya Baiolojia, Kemia na Fizikia.

Karatasi za shule zenyewe ni jambo la dakika tano. Cheti cha usajili kiwe ukutani ofisini, na kibali cha bweni kiwepo kando yake, kwa maana shule iliyosajiliwa ya kutwa haipati haki ya kulaza watoto kwa kuongeza vitanda tu. Omba ripoti ya karibuni ya wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule wa serikali. Ada ndiyo inayojadiliwa zaidi nyumbani, nami nitaipitia haraka: usilinganishe ada na ada, linganisha jumla ya mwaka. Jumlisha sare zinazouzwa shuleni pekee, rimu za kila muhula, kambi ya kidato cha pili na cha nne, mahafali, nauli ya safari zote za kwenda na kurudi, na godoro, maana vipimo vyake hutofautiana na vitanda vya kila shule. Shule yenye ada ndogo mara nyingi huishia kuipita ile ya jirani.

Kijana mwenyewe aende kwenye ukaguzi, na aulizwe faragha, shule ikiwa haipo. Prefomu wani, yaani masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza ya Oktoba hadi Desemba, ambayo wengi huichukulia kama masomo ya ziada ya Kiingereza, itumike kama jaribio: wiki nane ni ndefu za kutosha kuonyesha kama analala, anakula na ana rafiki, na ni fupi za kutosha kubadili mawazo kabla ya ada ya Januari. Anayepelekwa bweni kama adhabu kwa sababu amewashinda wazazi nyumbani hukutana huko na wenzake waliopelekwa kwa sababu hiyohiyo.

Wenye watoto wanaomaliza shule ya msingi mwaka 2027 wana mzigo wa ziada. Kwa mtaala mpya, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka huo, na Januari 2028 mikondo miwili itaingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Shule zitaongeza vitanda kwa kasi kuliko zitakavyoongeza vyoo, matanki na matroni. Ukaguzi wa mwaka 2026 hautafaa kwa 2028. Urudiwe, na swali liwe moja zaidi: mnapokea wangapi, na tundu la choo la 16 liko wapi?

La mwisho, kabla ya kulipa, uliza utaratibu wa kuondoka. Kila mwanafunzi ana namba ya PReM katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na shule anayotoka ndiyo inayopaswa kumwachia ili aonekane shule mpya. Shule nyingine humshikilia mpaka deni lote lilipwe, pamoja na muhula ambao hatausoma. Sharti hilo, kama lipo, liwe limeandikwa kwenye fomu utakayotia saini, na nakala moja ubaki nayo. Uhamisho ufanyike mapema, kabla ya usajili wa upimaji wa kidato cha pili au wa mtihani wa kidato cha nne kufungwa. Ukishafungwa, mtoto atafanyia mtihani kituo kilekile alichokikimbia.

Mwalimu wa malezi mstaafu,
Iringa